Jenereta lipo, mafuta yapo, umeme hakuna: tuongee umeme wa dharura baada ya maafa

fundi_wa_kusini
Wakuu habari za mihangaiko. Huu uzi niliuahidi kwenye ule wa bei za sola halafu nikapotea, leo niko zamu ya usiku na hakuna kazi kwa hiyo acha niumwage wote.

Mimi ni fundi umeme, nashughulika na majengo ya afya huku kusini. Mei 2024 kilipokuja Kimbunga Hidaya, tarehe 4 kikafika Mafia kikapungua nguvu, ila mvua zake huku Lindi na Kilwa nyote mlizisikia, barabara ya Dar ikakatika Somanga na malori yakalala njiani siku kadhaa. Umeme ukakata usiku. Kituo nilichokuwepo (sikitaji, watu bado wanakula mkate pale) kina jenereta zuri tu la dizeli, tenki limejaa, oili safi, nililikagua mwenyewe mwezi mmoja nyuma. Nazungusha funguo, kimya. Hata "tik" hakuna. Naangalia ubavuni na tochi, betri moja haipo! Lile linawaka kwa volti 24, betri mbili zimefungwa mfululizo, ukitoa moja umelizima kabisa. Kumbe gari lilikuwa linagoma wiki ile mtu akaazima betri "mara moja tu" na hakumwambia yeyote.

Wodini kuna mama yuko kwenye uchungu na kichanga kimoja kiko kwenye mashine ya oksijeni, manesi wakakihamishia kwenye mtungi wa mwisho uliobaki. Mimi nikatoka mbio na mvua ile mpaka kwa madereva wa malori waliokwama, maana nilijua lori kubwa linatumia betri za aina ileile. Mzee mmoja akafungua yake bila hata kuniuliza jina, ila akasema "twende wote kijana, betri yangu haitoki machoni mwangu." Akaibeba mwenyewe begani. Tukawasha kama saa tisa kasoro usiku, mzee akakaa pembeni ya jenereta mpaka asubuhi anailinda betri yake.

Toka siku hiyo kila nikisikia maafa mahali natafuta kujua umeme ulikuwaje, na nawaambia jenereta lenyewe mara nyingi ni zima kabisa, kinachozima hospitali ni kadude kadogo pembeni yake ambako hakuna mtu aliyekakumbuka.

Chukua New York, tarehe 29 Oktoba 2012, kimbunga Sandy. Hospitali ya NYU Langone majenereta yao mengine yako juu salama, lakini mafuta na pampu za kuyapandisha ziko chini, na bahari ikaingia chini. Umeme ukazima, wagonjwa zaidi ya 300 wakahamishwa usiku uleule, vichanga 20 vya wodi ya uangalizi maalum vikashushwa kwa ngazi gizani kimojakimoja, nesi anaminya pumzi kwa mkono huku anashuka. Jirani yao Bellevue jenereta liko ghorofa ya 13 na pampu ya mafuta nayo ikazama chini, wakafanyaje? Wakajipanga kwenye ngazi wakapokezana mafuta kwa mikono mpaka juu, kwa masaa. Huo ndio mji wenye hela kuliko miji yote, wanapandisha dizeli kwa madumu kama sisi tu.

Na Fukushima 2011 watu wanaongelea nyuklia tu, lakini chanzo ni jenereta. Tetemeko likakata laini za nje, majenereta ya dharura yakawaka vizuri kabisa, ila mengi yalikuwa vyumba vya chini na baada ya dakika kama 50 tsunami ikayafunika. Mafundi wakawa wanafungua betri za magari yao wenyewe pale maegeshoni waunganishe angalau mita zisomeke. Niliposoma hapo nikamkumbuka yule mzee wa lori.

Nitaendelea chini, wenye uzoefu karibuni.

kandili_la_bibi
Yakhe umenikumbusha mbali. Sie Unguja yetu haikuwa kimbunga, ilikuwa waya wa chini ya bahari, umekufa tarehe 10 Disemba 2009 na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu kisiwa kizima! Watu wa bara mlikuwa mnatucheka mnasema tumerudi zama za kale, na kweli kandili la bibi lilishuka darini likafutwa vumbi.

Lakini mie nakwambia giza watu walilizoea wiki ya kwanza tu. Kilichotutesa maji. Pampu za maji zinataka umeme, hakuna umeme hakuna maji, visima vya mitaani vilivyokuwa vimefunikwa mabati vikafunguliwa na watoto wakafunzwa upya kuteka. Pili kelele, kila duka Darajani lina kijenereta cha kuvuta kamba mlangoni, ukipita unaongea kwa ishara na moshi unakuingia puani. Wenye friji za samaki walilia.

Waya mpya mkubwa wa megawati 100 umekuja 2013 kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Ila fikra zangu ni kuwa watu wakisikia "umeme wa dharura" wanawaza taa, wakati kitu cha mwanzo kuwashwa kinatakiwa kiwe kisima.

fundi_wa_kusini
@kandili_la_bibi umeongea mzee wangu, hiyo ya maji ndiyo yenyewe. Na pampu ndiyo inayoumbua majenereta madogo. Mtu anaangalia pampu imeandikwa kilowati 1.5 ananunua jenereta la kilowati 2 anajua amebakiza nafasi, kumbe mota ikianza kuzunguka inavuta mara tatu mpaka sita kwa sekunde chache, jenereta linakoroma linazima na pampu inaungua. Ukitaka kuendesha pampu usiangalie inavyokula ikishazunguka, angalia inavyoamka.

mbishi_wa_kimara
Stori nzuri ila mnazunguka tu. Mwaka huu bado tunaongelea madumu ya dizeli? Wekeni sola kila kituo cha afya kila shule mchezo umeisha. Jua halikatwi na barabara ya Somanga.

fundi_wa_kusini
@mbishi_wa_kimara nakubali nusu. Twende Puerto Rico kidogo, maana ile ndiyo shule ya haya mambo yote.

Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria, daraja la 4, kikapita katikati ya kisiwa na kisiwa kizima kikazima, wateja kama milioni 1.5. Mitambo mikubwa ya kuzalisha iko kusini na watu wengi wako kaskazini San Juan, laini zinavuka milima, na laini ndizo zilizolala. Kwa hiyo mitambo mingine ilikuwa inaweza kuzalisha ila njia ya kupeleka haipo. Mtaa wa mwisho kurudishiwa umeme ulisubiri karibu miezi 11.

Sasa sola. Kuna nyumba zilikuwa na paneli juu ya paa, upepo ukapita paneli zikabaki nzima, jua linawaka, na ndani giza. Kwa nini? Inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) za kuunganishwa na gridi zimetengenezwa zijizime gridi ikizima, ili zisipeleke umeme kwenye waya ambao fundi anaushika akijua umekufa. Bila betri na inveta inayoweza kusimama peke yake, zile paneli ni bati la gharama. Waliofaidi ni wale wa Adjuntas milimani, kuna kituo cha jamii kinaitwa Casa Pueblo, wao sola na betri walishafunga toka 1999. Baada ya Maria nyumba ile ikawa ndiyo taa ya mji, watu wanaleta simu kuchaji, wenye mashine za kupumulia wanakuja kuziwasha pale, redio yao ikaendelea kutangaza, na wakagawa maelfu ya taa ndogo za sola milimani huko. Sola ndiyo, ila iwe na betri na iwe imeshafungwa kabla. Ukisubiri maafa ndiyo ukaagize, kontena litakukuta bandarini.

mbishi_wa_kimara
Hapo kwenye inveta kujizima sikuwa najua. Nimeelimika, ila bado nabisha kidogo kwa ajili ya jina.

tenda_bubu
Mmesahau utamu wa Puerto Rico ni ile tenda 😂 shirika la umeme likaipa kazi ya dola milioni 300 kampuni ya Montana inaitwa Whitefish ambayo siku kimbunga kinapiga ilikuwa na wafanyakazi wa kudumu wawili tu. Wawili! Kelele zikawa nyingi mkataba ukavunjwa. Huwa nasikia faraja ya ajabu nikijua si sisi tu.

msee_wa_umoja
Niaje wadau, niko Nairobi. Aprili na Mei 2024 mafuriko yalitupiga huku, mtaani kwetu stima ikapotea siku nne. Jirani alikuwa na jenereta, akatengeneza kamba yenye plagi pande zote mbili, moja kwa jenereta ingine kwa soketi ya ukuta, nyumba yake yote ikawaka na watu wakamsifu. Mimi roho haikuwa sawa lakini sikujua nimwambie nini. Ilikuwa makosa ama?

fundi_wa_kusini
@msee_wa_umoja kaka huyo jirani yako angeua mtu. Hiyo kamba mafundi tunaiogopa kuliko nyoka. Akichomeka kwenye soketi na meni swichi haijashushwa umeme hauishii ndani, unatoka kwa mita unaenda mpaka kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma haijui inalishwa upande gani, ile inayoshusha elfu 11 au elfu 33 kuwa 230, ukiilisha 230 kwa nyuma inapandisha. Sasa kuna kijana wa shirika yuko juu ya nguzo mtaa wa tatu, ameshaambiwa laini imezimwa, anaushika. Na umeme wa gridi ukirudi ghafla jenereta lako linapasuka usoni mwako. Halafu ile plagi ya pili ikichomoka meno yako wazi yana moto, mtoto akiiokota basi.

Dawa ni chenjiova. Swichi moja ina upande wa gridi na upande wa jenereta na katikati sifuri, haiwezekani viwili vikawa pamoja hata ukilewa. Kama huna hela ya chenjiova leo, tumia ekstensheni ya nje: friji na chaja zichomekwe kwenye jenereta moja kwa moja, ukuta usiuguse kabisa.

nesi_wa_houston
Naomba niingie hapo hapo kwenye jenereta za nyumbani. Mimi niko Texas, nesi wa dharura. Februari 2021 theluji ilipotuangukia na gridi ya Texas ikashindwa, mamilioni wakakaa gizani nyuzi chini ya sifuri, jimbo baadaye likahesabu vifo 246. Kilichonivunja moyo si waliokuja na baridi, ni familia zinazoletwa nzima nzima, baba mama watoto, wote kichwa kinauma wanatapika wamelegea. Wamewasha gari ndani ya gereji wapate joto, au jenereta limewekwa gereji mlango umeachwa wazi "kidogo", au jiko la mkaa sebuleni. Na jiko la mkaa ndani wengi walikuwa wahamiaji kama sisi, maana kwetu mkaa ni kitu cha kawaida ila nyumba zetu zinapitisha upepo, za huku zimezibwa kila tundu.

Ile hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi, kaboni monoksaidi, haina harufu. Haichomi macho. Unasinzia tu. Miezi kama sita nyuma yake, Agosti 2020, kimbunga Laura kiliingia Louisiana watu wakiogopeshwa na maji ya bahari, mwisho wa siku moshi wa majenereta ukaua wengi kuliko bahari. Jenereta likae nje mbali, kama mita 6 au zaidi, ekzosi iangalie upande usio na dirisha. Si barazani, si chini ya dirisha la jikoni, hata kama mnaogopa wezi. Lifungeni mnyororo kwenye mti.

kandili_la_bibi
@nesi_wa_houston hapo kwenye wezi ndipo penyewe mwanangu. Sie tulikuwa tunaliingiza ukumbini kwa ajili ya wezi. Allah alituhifadhi tu.

mama_wawili
Samahani nauliza swali la kijinga, mama yangu ana kisukari anatumia insulini, tunakaa Rufiji na mnajua mafuriko ya huku. Friji likizima siku tatu dawa tuitupe?

nesi_wa_houston
@mama_wawili si la kijinga dada yangu, ni swali linalookoa watu kuliko mengine yote humu. Usitupe. Chupa iliyoanza kutumika, aina nyingi zinakaa nje ya friji mpaka kama wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30, soma karatasi ya ndani ya boksi la mama. Kwa joto la Rufiji tumia mtungi wa udongo, weka chupa kwenye mfuko mkavu ndani ya mtungi, mtungi ukae kivulini juu ya mchanga uliolowana, unapoa kama maji ya mtungini yanavyopoa. MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakaiweka insulini kwenye joto la namna hiyo wiki nne na nguvu yake ikabaki. Kinachoua insulini haraka ni kuganda na jua la moja kwa moja, kwa hiyo usije ukaibandika kwenye barafu, na usiiache kwenye gari. Ikiwa na mabonge, au ile ya maji maji ikawa na ukungu, hiyo ndiyo ya kutupa. Na mpimeni sukari mara nyingi zaidi siku hizo.

mama_wawili
Mungu akubariki sana dada. Mwaka jana tulizitupa tatu.

wa_Goma
Jambo bandugu. Swahili yetu ya Goma mutaivumilia. Tarehe 22/5/2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilipasuka mangaribi, lava ikashuka mpaka Buhene, ikakata barabara ya Rutshuru pamoja na laini ya courant (umeme) inayotoka kwa mutambo wa Matebe. Siku chache nyuma yake wakasema batu batoke mujini, tukaenda kwa miguu mpaka Sake, bengine Gisenyi. Miye nawaambia courant ya maana siku zile ilikuwa ya telefone. Batoto mamia walipotea na bazazi bao njiani. Kama telefone imezima hauwezi kujua mutoto iko wapi. Pale Sake kulikuwa kijana mumoja na batiri ya pikipiki na kainveta, alikuwa anachajia batu, wenye kutafuta batoto alikuwa hawalipishe. Sijui jina yake mpaka leo.

fundi_wa_kusini
@wa_Goma ahsante sana ndugu. Na hiyo inanirudisha kwa nilichotaka kumalizia, nani anapewa umeme kwanza. Maana siku ya kwanza umeme ni mdogo na wanaoutaka ni wengi na kila mtu ana sababu.

Jeshi la Marekani wana kikosi cha wahandisi kazi yake ni hii tu, na kule Puerto Rico walifunga majenereta zaidi ya elfu moja. Kabla jenereta halijapakiwa kwenye lori mtu anatangulia kwenye jengo kupima: linakula kiasi gani, fezi moja au tatu, volti ngapi, waya unaingilia wapi, lori litageuzia wapi. Ukiruka hatua hiyo unapeleka dude la kVA 200 (kVA ndicho kipimo cha ukubwa wa jenereta) kwenye kliniki inayokula 15. Na msidhani kubwa ni salama, jenereta la dizeli likifanya kazi mzigo mdogo muda mrefu halipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, ekzosi inaanza kutema oili nyeusi na baada ya muda limechoka. Wakati huohuo linakunywa. La kVA 100 likibeba robo tatu ya uwezo wake linakula lita karibu 20 kwa saa, piga mara 24, halafu fikiria barabara imekatika.

Hapa kwetu kituoni baada ya Hidaya nilikaa na daktari na mhudumu wa maabara tukagombana nusu siku. Mimi nilifika na hesabu zangu: mashine ya oksijeni ya lita 5 inakula kama wati 350, taa za LED za chumba cha kujifungulia hazifiki 50, friji ya chanjo ile yenye kuta za barafu inaweza kukaa bila umeme zaidi ya siku ikiwa hamuifungui fungui. Kumbe vitu vinavyookoa watu vinakula kidogo sana! Vinavyokula ni pasi, birika la chai na kiyoyozi cha ofisi moja ambayo sitaitaja. Tukachora laini mbili, soketi nyekundu na soketi nyeupe. Nyekundu zinalishwa na betri na sola, oksijeni, taa ya kuzalishia, chaja za simu mbili na redio. Nyeupe zinangoja jenereta. Daktari akaongeza pampu ya kisima masaa mawili asubuhi. Birika likakosa nafasi na kuna mtu hanisalimii mpaka leo.

Mchanganyiko huo ndio naupigia debe. Betri ndogo ibebe roho za watu, jenereta liwe la masaa machache ya kujaza betri na kuvuta maji, si la kuunguruma usiku kucha watu wapashe chai.

mbishi_wa_kimara
Swali la mwisho la kibishi. Na ile betri ya jenereta mmeifanyaje? Isije ikaazimwa tena.

fundi_wa_kusini
@mbishi_wa_kimara tumeifungia kwenye boksi la chuma, ufunguo mmoja ninao mimi mwingine kwa nesi wa zamu. Na kila Jumatatu linawashwa dakika 30 likiwa na mzigo, si kuwasha tupu ukasikia mngurumo ukaondoka.

Leo ni Jumatatu, nimetoka kuliwasha sasa hivi. Mlinzi kaja mbio kauliza umeme umekata? Nikamwambia bado.